Simu Kwenye Msumari

Wapo watu ambao Mungu amewapa maneno machache, na wapo ambao amewapa machache na hayo hayo wakayaweka akiba. Fundi mmoja wa mageti alikuwa wa kundi la pili. Miaka yote aliyochomelea vyuma pale karakana watu walimwita Kufuli, na hakuna aliyewahi kumsikia akilikataa jina hilo, maana kulikataa kungehitaji maneno. Ukimuuliza geti lako litakuwa tayari lini, alilitazama geti, akakutazama wewe, kisha akasema, "Litakuwa." Mtu aliondoka ameridhika, asijue ameridhishwa na nini.

Mkewe ndiye waliyemwita Redio. Msimdhanie vibaya, hakuwa mmbea. Mmbea huchagua habari, na Redio hakuchagua. Alitoa zote: za mvua, za misiba, za ndoto aliyoota, za kuku aliyetaga yai lisilo na ganda. Alianza asubuhi kabla hajapata kandambili zake uvunguni, na jioni alisinzia katikati ya sentensi, kesho yake akaendelea pale pale alipoachia. Watu walipomuuliza ilikuwaje akaolewa na bubu, alijibu, "Nyumba ikiwa na midomo miwili, nani atasikiliza?"

Hapo kwenye kusikiliza ndipo penye maneno. Kufuli alikuwa kimya, hilo halina ubishi, lakini kunyamaza na kusikiliza ni vitu viwili. Neno lake kubwa ndani ya nyumba lilikuwa "sawa," na alilitoa bila kuangalia limeangukia wapi. Redio akisema jirani amefariki, sawa. Redio akisema chumvi imekwisha, sawa. Mwenyewe aliamini ni busara. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, alizoea kusema, na baada ya kuyasema hayo alipumzika siku nzima.

Alipostaafu walibaki na kishamba chao nyuma ya nyumba: banda la ng'ombe, kibanda cha mbuzi, kuku, bata mzinga mmoja, na bustani ya mchicha, nyanya na bamia iliyoshuka mpaka kwenye ua wa jirani. Kufuli aliingia katika ufugaji kwa njia anayoijua yeye, yaani kwa mageti. Kila kitu kilipata geti. Kuku walilala nyuma ya komeo ambalo benki ingelionea wivu. Bustani ilikuwa na mageti mawili, la kuingilia na la kutokea, ingawa hakuna aliyewahi kuelewa kwa nini mtu asitokee alikoingilia. Mbuzi waliyatazama mageti hayo kwa makini, wakapita chini ya seng'enge.

Bata mzinga aliitwa Mkaguzi. Hakuwa na kazi yoyote pale shambani isipokuwa kumfuata mtu nyuma nyuma na kusimama pale anapofanyia kazi, shingo upande, kama mtu aliyetumwa kuandika ripoti.

Kazi waligawana. Kufuli alikata majani ya mifugo, akasomba samadi na kumwagilia bustani. Redio alikuwa na kuku na jiko, na juu ya yote alikuwa na Bibie. Bibie ndiye ng'ombe. Alikuwa mjukuu wa mtamba ambaye Redio alipewa na marehemu mama yake siku alipoanza maisha, na hakuna mkono mwingine uliowahi kumkamua zaidi ya wa Redio. Siku moja, miaka mingi nyuma, Kufuli alipita mlangoni mwa banda akamkuta mkewe juu ya kigoda, akatoa moja ya sentensi zake ndefu: "Kukamua ni kazi ya kukaa." Redio hakumjibu, na kwa kuwa ni yeye, Kufuli alipaswa kuogopa.

Basi binti yao wa mwisho akajifungua, huko mbali alikoolewa. Alijifungua kwa kupasuliwa, akawa hawezi hata kuinua ndoo. Redio alifunga mzigo siku hiyo hiyo, huku akimwachia mumewe maagizo. Kuku wanaotamia wasiguswe. Mbuzi mweusi apewe maji kwanza, la sivyo anawapiga wenzake. Nyanya zimwagiliwe kwenye shina, si kwenye majani. Bibie aoshwe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta, akamuliwe asubuhi na jioni, amalizwe kabisa. Kila agizo lilijibiwa sawa. Pale getini Redio aliweka mzigo chini.

"Mzee, mengine yote yakiharibika tutatengeneza. Lakini Bibie akikauka, mimi sitakuwa na la kusema."

Kwa mtu kama Redio kukosa la kusema, hilo lilikuwa tishio zito kuliko yote. Kufuli alimbebea mzigo mpaka barabarani. Kulikuwa na agizo moja tu ambalo hakupewa, na hakupewa kwa sababu Redio mwenyewe hakulijua.

Jioni ile Kufuli aliosha kiwele, akapaka mafuta, akakaa. Bibie aligeuza kichwa, akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akarudi kwenye hori. Kufuli akavuta. Yakatoka matone. Akavuta tena, kwa ufundi, kama anavyokaza nati, na Bibie akainua mguu akauweka ndani ya ndoo. Hakupiga teke. Aliuweka tu, akauacha humo.

Asubuhi ikawa vile vile. Kiwele kilijaa kikawa kigumu, na maziwa yaliyotoka yasingetosha chai ya mtu mwenye haraka. Kufuli aliongeza pumba horini. Bibie alikula pumba zote na kuyazuia maziwa. Ndipo Kufuli akafikiri, na kufikiri alikuwa anakuweza: ng'ombe hajui uso, anajua harufu na nguo. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la Redio la kazi, lile la maua, na kitambaa chake kichwani. Lilimbana mabegani. Akatembea mpaka bandani kwa hatua za mkewe kadiri alivyozikumbuka, Mkaguzi nyuma yake.

Jirani yao alikuwa kinyozi, na asubuhi alikuwa akimwagilia mboga zake upande wa pili wa ua. Aliona maua.

"Mama, umerudi?" aliita kwa furaha.

Kufuli akageuka. Wakatazamana.

"Bado," alisema Kufuli.

Kinyozi alifikiri kidogo. "Basi akirudi msalimie."

"Sawa."

Bibie hakudanganyika na gauni. Alilinusa, akala ncha ya mkanda wake.

Daktari wa mifugo aliitwa. Alipima joto, akaminya kiwele, akasikiliza tumbo, akanawa mikono. "Ng'ombe mzima kabisa," alisema. "Maziwa anayo. Anakunyima."

"Kwa nini?"

"Mzee, mimi nawatibu, siwahoji." Akafunga begi lake. "Ila ujue, ukimwacha hivi siku mbili tatu, mwili unaona maziwa hayatakiwi, unafunga duka. Akikauka sasa, ndiyo mpaka azae tena, na mimba yenyewe bado changa. Anayemkamua siku zote hufanyaje?"

"Hukaa," alisema Kufuli.

Jioni ile Redio alipiga simu kuuliza hali, na Kufuli akasema Bibie mzima, ambalo daktari alikuwa amelithibitisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini angesema nini? Akisema kweli, Redio angepanda gari usiku ule ule akamwacha binti kitandani na mshono mbichi. Na kulikuwa na ile sentensi ya kazi ya kukaa. Ilikuwa imemngojea miaka yote hiyo.

Aliyemsaidia ni kinyozi. Tangu siku ya gauni alikuwa hana raha, akaona ni wajibu wake. Alisimama uani na mpira wa maji mkononi.

"Fundi, usinielewe vibaya. Sisi huku hatusikilizi. Lakini mama akiwa anakamua, huwa anamsemesha."

"Nani?"

"Ng'ombe. Mwanzo mpaka mwisho, hapumziki. Mimi na mke wangu tunajua saa ya kuamka kwa hiyo." Akasita. "Mguu wako unaendeleaje?"

Kufuli hakuwa amemwambia mtu kuhusu maumivu ya mguu wake, ila mkewe.

Kumsemesha ng'ombe. Hapo Kufuli alifikwa na maji shingoni. Alikaa kwenye kigoda, akafungua mdomo, akakuta hamna kitu. Akatazama huku na huku. Gunia la pumba lilikuwa limetundikwa ukutani, akasoma kwa sauti: "Pumba safi. Hifadhi mahali pakavu. Usitumie ndoano." Masikio ya Bibie yalisogea. Kufuli akatiwa moyo, akasoma tena. Mara ya tatu Bibie alipiga mwayo.

Ni hapo simu ilipolia. Redio alikuwa amepiga mapema. Mikono ya Kufuli ilijaa mafuta ya kukamulia, basi akabonyeza spika kwa kifundo cha kidole, akaitumbukiza simu kwenye kofia yake iliyokuwa imening'inia kwenye msumari.

"Haloo! Mzee, unanisikia? Yaani leo, ngoja nikuambie leo..."

Bibie aliacha kutafuna. Masikio yote mawili yaligeukia kofia. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana, na maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kabla Kufuli hajagusa chuchu.

Alikamua kama mtu anayeiba. Aliyaelekeza maziwa ubavuni mwa ndoo ya plastiki yasipige kelele. Redio alieleza mtoto alivyolia, mkwe alivyokimbilia dukani akarudi na kitu kisichohusika, mama wa mkwe alivyokoroma. Ndoo ilifika nusu. Kisha Redio akasema, "Haya, wewe hujambo? Kuku je?" na Kufuli akasema sawa, na Redio, ambaye kwenye simu alikuwa na huruma na dakika za vocha za watu, akasema, "Basi kwaheri." Bibie akafunga papo hapo.

Kesho yake Kufuli aliona la kufanya. Alipiga simu yeye mwenyewe, jambo lililomfanya Redio apokee akiuliza nani kafa. Alipohakikishiwa hakuna aliyekufa, alisimulia ya asubuhi, na habari zilipoelekea kuisha, Kufuli alipiga moyo konde.

"Huko mvua inanyesha?"

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana."

"Umeuliza."

"Ndiyo."

"Umeuliza mvua," alisema Redio, kama mtu anayesoma kitu mara ya pili kuona kama kimeandikwa kweli. Kisha akaieleza mvua, ilivyokuja juzi, ilivyozungukia nyuma, nguo zilivyolowa kambani, na ndoo ikajaa.

Basi ikawa hivyo asubuhi na jioni. Kufuli alijifunza kuuliza kama alivyojifunza kuchomelea, kwa kuungua. Akagundua kuwa swali la mvua lina kikombe tu ndani yake. Swali la mtoto, kama vile kitovu kimedondoka au bado, lina robo ya ndoo. Na swali la mama wa mkwe, likiulizwa vizuri, linamaliza chuchu zote nne na kubakisha. Akawa analala akipanga maswali. Kiwele kililainika. Daktari wa mifugo alipopita alimsifu, na Kufuli hakueleza.

Kilichomharibia raha ni binti yake. Asubuhi moja alichukua simu kutoka kwa mama yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, sijui umefanya nini, lakini endelea. Mama siku hizi ikikaribia saa ya simu yako anatafuta pa kukaa peke yake. Jana kajifunga kitambaa kipya. Nikamuuliza, mama, baba anakuona? Akanambia nyamaza." Binti alicheka, halafu sauti ikashuka. "Kanambia, baba yako miaka yote hii hajawahi kuniuliza kitu nikajibu akauliza tena."

Kufuli aliitazama ndoo. Aliona aibu, tena aibu ile ya kweli, inayoanzia masikioni. Redio aliporudi kwenye simu alijikaza kumwambia.

"Mama."

"Eeh?"

Bibie alikuwa amefika nusu.

"Kabati limefika?" aliuliza Kufuli.

Kabati lilikuwa habari kubwa huko. Mkwe alikuwa ameagiza kabati la milango mitatu. Fundi seremala aliapa litaingia chumbani, mama wa mkwe aliapa halipiti mlangoni, na Redio alikuwa ameupima mlango kwa kitambaa cha kichwa, ila kitambaa kile kinavutika. Habari hiyo ilitolewa kwa mafungu, na Kufuli, aliyekuwa ametengeneza milango maisha yake yote, ilimwingia hata akiwa bustanini. Alikuwa akimwagilia nyanya, anajikuta amemwagilia majani. Siku moja maziwa yaliisha, Bibie akaanza kucheua, naye Kufuli alikuwa bado amekaa anauliza kabati lina miguu au halina. Hakulitilia maanani.

Ile haraka ya kuwahi simu ndiyo iliyomuumbua. Jioni moja aliacha geti la mbuzi wazi, yeye, Kufuli, na mbuzi mweusi akaingia bandani, akakanyaga ndoo ya plastiki ikapasuka. Ikabidi atumie ndoo ya bati. Simu ilikuwa imeshaita.

"Basi kabati likashushwa," alisema Redio kutoka kwenye kofia. "Fundi kashika mbele, mkwe kashika nyuma, mama yake kasimama pembeni mikono kiunoni, 'Halipiti, halipiti.' Wakaliinamisha. Mimi nimembeba mtoto, nimejibana ukutani. Likaingia kichwa, likaingia tumbo, likafika pale..."

Akajikatiza mwenyewe.

"Hiyo nini?"

"Nini?"

"Hiyo. Chwaa, chwaa."

Kufuli aliacha kukamua. Kuacha ndiko kukawa ushahidi.

"Unakamua," alisema Redio.

"Ndiyo."

"Na asubuhi ulipopiga?"

"Ndiyo."

"Na jana? Na siku zote?"

Mtu mwingine angetafuta uongo. Kufuli hakuwa na mazoezi. "Bila sauti yako haachii," alisema.

Redio hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa hiyo mvua haikuwa mvua."

"Hapana."

"Na kitovu cha mjukuu wako uliuliza kwa ajili ya ndoo." Alivuta pumzi. "Mimi nilishakubali, mzee. Nilisema haulizi, ndivyo alivyoumbwa, na hanipigi, na hanywi, na mageti yake yanafunga. Nilishakubali. Ungeniacha hivyo hivyo. Nimekuja huku nikaanza kujiona mtu. Nimemwambia mpaka binti yetu. Kumbe mimi ni pumba."

Simu ikakatika. Redio ikawa imezima, na ukimya ule, ambao Kufuli alikuwa ameuita busara miaka yote, ukajaa bandani mpaka mlangoni, alikosimama Mkaguzi.

Alipiga, haikupokelewa. Asubuhi akapiga, haikupokelewa, na Bibie akatoa matone. Mchana alipika ugali ukaungua. Alikwenda kuwasha redio ya mezani. Ikasema habari za dunia nzima, akaizima. Jioni kiwele kilikuwa kigumu kama mpira, na Bibie akipiga kwato chini kwa maumivu. Kufuli alikaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumtegemea, alianza na kitu anachokijua.

"Kabati la milango mitatu," alisema. "Wima halipiti. Mlango wa ndani ni mwembamba kuliko wa nje, watu hawajui. Likilazwa linapita, kama mbele hakuna kona. Sijui kama kuna kona. Alikuwa ndiyo anataka kusema."

Bibie alisikiliza.

"Sikuuliza kama kuna kona. Hiyo ningeiuliza siku ya kwanza, ningekuwa nauliza kweli." Alikaa kidogo. "Mvua niliuliza kwa ajili yako. Sikatai. Kitovu pia. Lakini siku ile ya miguu ya kabati, wewe ulikuwa umemaliza. Unakumbuka? Ulikuwa unacheua. Mimi nilikuwa nauliza."

Tone likaanguka kwenye bati. Halafu jingine. Kufuli hakuona, alikuwa anaongea.

"Nyumba imekuwa kama karakana siku ya Jumapili. Nawasha redio, inasema, lakini haisemi na mimi. Haijui mguu wangu. Mimi nilijiona mtulivu. Kumbe yeye alikuwa anaongea kwa ajili ya wawili, anachoka peke yake, mimi namtupia sawa. Sawa, sawa. Kama anayelisha kuku." Koo lilimkauka, kwa sababu hakuwahi kulitumia kiasi hicho. "Mimi namtaka arudi, Bibie. Si kwa ajili yako. Usikasirike. Wewe ukauke, ukitaka. Yeye arudi."

Maziwa yalishuka. Hayakushuka kama yanavyomshukia Redio, lakini yalishuka, na Kufuli aliyakamua huku akifuta pua kwa mkono wa shati.

"Halafu?" ilisema sauti kutoka upande wa pili wa ua.

Kufuli aliganda. "Halafu nini?"

"Halafu kabati," alisema kinyozi. "Lilipita?"

"Sijui."

"Aa," alisema kinyozi kwa uchungu, akaendelea kumwagilia mahali pamoja tu mpaka pakawa dimbwi.

Kinyozi hakumwambia mtu yeyote, ila mke wake, na wateja aliowanyoa kesho yake. Asubuhi ile Kufuli alipowapelekea kuku maji, wapita njia wawili walimsalimia kwa upole ambao kwa kawaida huwekewa wafiwa.

Jioni alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, anajiandaa kusema na Bibie habari za seng'enge, simu ikalia.

"Uko wapi?" aliuliza Redio.

"Bandani."

"Niweke kwenye msumari."

Akamweka.

"Na wewe usiseme kitu. Sizungumzi na wewe. Nazungumza na ng'ombe wangu."

"Sawa," alisema Kufuli, akajing'ata ulimi.

"Bibie mwanangu, hujambo? Pole. Mke wa kinyozi kanipigia simu asubuhi asubuhi. Ananiambia humo bandani kuna mwanamume anaongea peke yake mpaka analia. Mimi nikamwambia, huyo si wangu, wangu namjua. Watu wana chumvi." Akakohoa. "Haya. Mtoto kacheka leo. Wanasema ni gesi. Mimi nasema kacheka."

Akaendelea. Alisema ya mtoto, ya mshono wa binti uliokauka vizuri, ya mama wa mkwe na kukoroma kwake. Alizunguka kila chumba cha nyumba ile, na kila alipokaribia kabati alipita mbali. Bibie aliachia yote. Ndoo ya bati ililia wazi wazi, chwaa, chwaa, hakuna aliyeificha, na Redio alikuwa anaisikia, maana hakuna sauti duniani aliyoijua kuliko hiyo. Akaisikia inavyopungua nguvu, inavyozama kwenye povu, inavyokuwa matone, mpaka ikakoma.

Naye akakoma.

"Kamaliza?" aliuliza.

"Kamaliza."

"Haya. Kata, ukawafungie kuku."

Kuku walikuwa kweli hawajafungiwa. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, shingo upande. Kufuli aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaitazama simu ndani ya kofia.

"Hapo mlangoni," alisema, "mbele kuna kona?"

"Kona ya nini?"

"Ya kabati."

"Mzee, maziwa yamekwisha."

"Najua."

Redio alipenga kamasi. Alipoanza kusema sauti ilikuwa nzito, ikachukua maneno matatu manne mpaka ikanyooka.

"Ipo," alisema. "Kona ipo. Na ndiyo iliyowaponza. Sasa sikiliza."

Kufuli akafunika ndoo, akageuza kigoda kikaelekea msumari, akakaa.